Mwanasesere Asiye na Ulimi: Historia ya Mwigo katika Elimu ya Uuguzi na Suala la Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kufundisha uuguzi na ukunga kwa njia ya mwigo, kuanzia mashine ya kitambaa ya Bi. du Coudray nchini Ufaransa katika karne ya 18 hadi mazoezi ya kila wiki katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom nchini Tanzania. Yanadai kuwa historia hiyo imezoeleka kusimuliwa kama historia ya mikono na vifaa, ilhali suala la lugha lilikuwamo tangu mwanzo. Mwanasesere aliundwa apokee mikono ya mwanafunzi; maneno ya mwanafunzi hayakutafutiwa mahali. Katika nchi ambazo muuguzi husomea shahada kwa Kiingereza kisha akawahudumia wagonjwa kwa Kiswahili, pengo hilo lina gharama.

1. Jina na jambo

Wanaoandika kwa Kiswahili kuhusu ufundishaji huu hawajaafikiana juu ya jina lake. Wapo wanaouita uigaji, wapo wanaouita uigizaji, na wapo wanaolitohoa neno la Kiingereza na kusema simulesheni. Kila jina lina doa lake. Kuiga kuna harufu ya kufuata bila kufikiri. Methali inayomwonya anayemwiga tembo inajulikana hata na mtoto wa shule. Kuigiza kunampeleka msikilizaji jukwaani, penye watazamaji na makofi. Makala haya yanatumia neno mwigo, kwa maana ya zoezi linalojenga upya hali ya wodini mbele ya mkufunzi, ili kosa la mwanafunzi litokee mahali ambapo halimdhuru mtu. Mjadala wa istilahi ni halali, lakini haupaswi kuficha swali zito zaidi: ndani ya zoezi hilo mwanafunzi anasema nini, na kwa lugha ipi?

2. Mashine ya Bi. du Coudray

Mwaka 1759 Mfalme Louis XV wa Ufaransa alimpa mkunga Angélique Marguerite Le Boursier du Coudray kibali cha kuzunguka majimboni akiwafundisha ukunga wanawake wa vijijini. Serikali ilikuwa na hofu kwamba idadi ya watu inapungua, na vifo vya wazazi na watoto wachanga vilihesabiwa kuwa hasara ya taifa. Kabla ya hapo mkunga huyo alikuwa amefanya kazi Auvergne, eneo ambalo lugha ya wanakijiji haikuwa Kifaransa cha vitabu bali lahaja ya Kioksitani. Wengi wa wanafunzi wake hawakujua kusoma. Mhadhara wa daktari wa Paris usingewafikia.

Alichofanya ni kushona. Alitengeneza nyonga na mapaja ya mwanamke kwa kitambaa, ngozi na vijazio, pamoja na mtoto wa kitambaa aliyeweza kugeuzwa na kuvutwa katika mikao yote ambayo mkunga hukutana nayo. Mashine moja imesalia na imehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini Rouen. Kwa mtafiti wa lugha, jambo linalovutia katika mashine hiyo ni vibandiko vidogo vyenye majina ya viungo vya mwili. Yaani katika chombo kilichobuniwa kwa ajili ya wasiojua kusoma, maneno yalibandikwa juu ya mwili. Mkono ulijifunza kwa kugusa, na mwalimu alikuwepo kulisema neno lililobandikwa pale mkono ulipogusa. Kitabu chake kilipotolewa upya mwaka 1769, kilitiwa michoro ya rangi kwa sababu hiyohiyo.

Bi. du Coudray alizunguka kwa zaidi ya miaka 20 na kufundisha maelfu ya wanawake. Wanahistoria wa tiba humtaja kama mwanzilishi wa mwigo katika ukunga, na ni haki yake. Kinachosahaulika ni kwamba ubunifu wake ulitokana na tatizo la mawasiliano. Nyenzo yake ilikuwa daraja kati ya elimu iliyoandikwa kwa lugha moja na wakunga walioishi kwa lugha nyingine. Hali hiyo haina haja ya kufafanuliwa kwa msomaji wa Kampala, Dodoma au Bukavu.

3. Kutoka Hartford hadi Stavanger

Sura iliyofuata ilifunguliwa nchini Marekani. A. Lauder Sutherland, aliyekuwa mkuu wa chuo cha wauguzi cha Hospitali ya Hartford katika jimbo la Connecticut, alimwomba Martha Jenks Chase, mtengenezaji wa wanasesere wa watoto huko Pawtucket, Rhode Island, atengeneze mwanasesere mwenye kimo cha mtu mzima. Alifika chuoni mwaka 1911, na wanafunzi wakamwita Bi. Chase. Walijifunza kumgeuza kitandani, kumwogesha, kumvika na kumhamisha. Toleo la mwaka 1914 liliongezewa mahali pa kudungia sindano mkononi na matangi ya ndani, ili mwanafunzi aweze kufanya mazoezi ya kuingiza mirija mwilini.

Bi. Chase alipewa cheo cha heshima cha mwanamke aliyeolewa, lakini hakupewa historia ya ugonjwa, wala hofu, wala aibu. Aliogeshwa bila kuombwa ruhusa. Haifai kuwalaumu walimu wa Hartford kwa hilo. Kabla yake wagonjwa halisi, hasa maskini, ndio walioubeba uzito wa mikono isiyo na uzoefu. Hata hivyo kuanzia hapo desturi iliota mizizi: ustadi wa uuguzi ulihesabiwa kuwa ni ule unaoweza kuoneshwa juu ya mwili ulionyamaza.

Mwaka 1960 Asmund Laerdal wa Stavanger, Norwe, ambaye alikuwa akitengeneza vitu vya kuchezea vya plastiki, alitoa mwanasesere wa kufundishia uokoaji wa mtu aliyeacha kupumua. Uso wake ulichukuliwa kutoka kinyago cha msichana asiyejulikana, ambaye kwa mapokeo husemwa kuwa alizama katika mto Seine mjini Paris. Mafunzo ya uokoaji nchini Marekani yalizoea kuanza kwa kumtikisa bega na kumwuliza Annie kama yu salama. Hiyo ni sentensi mashuhuri kuliko zote zilizowahi kuelekezwa kwa mwanasesere, na ni swali ambalo zoezi lenyewe linataka lisijibiwe. Annie akijibu, somo limekwisha.

Katika muongo huohuo Chuo Kikuu cha Southern California kilizaa vitu viwili vilivyoelekea njia tofauti. Kimoja ni Sim One, mwanasesere aliyeendeshwa kwa kompyuta, aliyepumua na kufumba macho. Cha pili hakikuhitaji umeme. Mwaka 1963 daktari wa mishipa ya fahamu Howard Barrows alimfundisha mtu mzima wa afya kuigiza mgonjwa: kuwa na dalili zake, kusimulia maisha yake, kukasirika akiulizwa vibaya. Wakubwa wa taaluma waliliona jambo hilo kuwa la kihuni kidogo, kana kwamba Hollywood imevamia hospitali. Lakini Barrows ndiye aliyemrudishia mgonjwa wa mwigo ulimi. Mwaka 1975 Ronald Harden na wenzake wa Dundee, Uskoti, walieleza mtihani wa vituo, ambamo mtahiniwa hupita meza kwa meza akifanya tendo moja katika kila kituo mbele ya mtahini mwenye karatasi ya alama. Mtihani huo umeenea katika vyuo vya uuguzi duniani, vya kanda hii vikiwemo.

4. Sanamu na wimbo

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kufundisha kwa sanamu kuliingia Afrika Mashariki pamoja na plastiki. Mwaka 1956 Hans Cory, mtaalamu wa masuala ya jamii aliyekuwa akiitumikia serikali ya Tanganyika, alichapisha kitabu kuhusu sanamu za udongo zilizotumika katika jando na unyago. Sanamu hizo zilioneshwa kwa wari na kufunikwa tena. Kila moja ilifungamana na wimbo au fumbo, na kungwi alieleza maana yake. Anayeichukua sanamu bila wimbo anachukua nusu ya somo.

Mfano huu hautolewi ili kudai kwamba unyago ulikuwa chuo cha uuguzi. Sehemu ya mafundisho yake haimfai mtu yeyote leo. Unatolewa kwa sababu unaonesha utaratibu ambao mwigo wa Hartford uliuacha: umbo na kauli vilifundishwa pamoja, na mwanafunzi alihesabiwa amehitimu pale alipojua kutenda na kusema.

5. Haydom

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko wilaya ya Mbulu, mkoa wa Manyara. Ilianzishwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwe, na kwa njia hiyo historia ya Stavanger ilikuja kukutana na historia ya wakunga wa Tanzania. Mwaka 2010 programu ya kuwafundisha wahudumu namna ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua ilizinduliwa kimataifa chini ya uongozi wa chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuijaribu. Nyenzo zake ni chache: mfuko wa kusukumia hewa, kifyonzeo cha makamasi, mwanasesere mdogo anayejazwa maji ili awe na uzito wa mtoto, na chati ya michoro yenye maeneo ya kijani, njano na nyekundu. Michoro ya rangi ya mwaka 1769 ilikuwa imerejea.

Msemo na wenzake (2013) waliripoti kwamba katika hospitali nane za Tanzania vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47 baada ya mafunzo hayo. Takwimu hiyo ilisafiri haraka, na ilistahili. Lakini mwaka huohuo Ersdal na wenzake walichapisha matokeo mengine kutoka Haydom, ambayo mshauri wa sera anapaswa kuyasoma kwanza. Baada ya mafunzo ya siku moja, wahudumu walifanya vizuri zaidi juu ya mwanasesere. Chumbani mwa kujifungulia, juu ya watoto halisi, utendaji haukubadilika vilivyotarajiwa. Yaliyojulikana katika mwigo yalibaki katika mwigo.

Haydom haikuongeza vifaa vya gharama. Ililihamisha zoezi. Mwanasesere aliwekwa katika chumba cha kujifungulia chenyewe, mazoezi yakawa ya dakika 3 hadi 5 kila wiki, pamoja na kipindi kirefu kidogo kila mwezi, yakiongozwa na wenyeji wa kazi hiyo. Mduma na wenzake (2015) wanaripoti kwamba vifo ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai.

Ripoti hizo zinazungumzia marudio, mahali na viongozi wa mazoezi. Lugha haikuwa kigezo cha upimaji. Hata hivyo mahali si kuta tu. Zoezi linalofanyika leba, kati ya wenzi wa zamu, huingia katika mazungumzo ya zamu, na mazungumzo ya zamu katika hospitali ya Tanzania ni ya Kiswahili. Haifuati kwamba Kiswahili ndicho kilichookoa watoto hao. Inafuata kwamba ujuzi haukuvuka kutoka ukumbi wa mafunzo hadi kitandani kwa nguvu zake wenyewe, na kwamba kila kinachotenganisha sehemu hizo mbili kinastahili kuchunguzwa. Lugha ni mojawapo.

Haydom vilevile inaonya dhidi ya jibu jepesi. Eneo hilo ni miongoni mwa sehemu chache barani ambapo lugha za asili nne tofauti hukutana: Kiiraqw, Kidatoga, Kiisanzu na Kihadza. Mama aliyefika kutoka bomani anaweza kukijua Kiswahili cha sokoni na asikijue cha leba. Kwa hiyo kukiweka Kiswahili badala ya Kiingereza katika mwigo ni hatua ya kwanza ya kumkaribia mgonjwa, si ya mwisho. Wapenzi wa Kiswahili, ambao ni wengi katika makongamano ya aina hii, huwa hawapendi kukumbushwa jambo hilo.

Kuna chombo kingine kutoka Stavanger kinachostahili kutajwa. Ni tumbo la mama la kuvaliwa, linalotumika kufundishia kujifungua na utokaji damu baada ya kujifungua. Mkufunzi hulifunga mbele ya mwili wake, akamtoa mtoto na kuiruhusu damu ya bandia kutoka kwa mikono yake, huku yeye mwenyewe akiwa ndiye mama. Kwa kuwa mama huyo ni mtu, anaweza kulia, kukataa, kuuliza mtoto yu wapi. Anaongea lugha ya aliyemvaa. Baada ya Bi. Chase kunyamaza kwa karne nzima, mwigo wa bei nafuu ulipata sauti kwa kufungwa mkanda kiunoni mwa mkunga.

6. Gharama ya kutofundisha kauli

Mfano mmoja wa kitabibu unatosha kuonesha ukubwa wa suala hili. Mwanafunzi wa shahada hufundishwa kwa Kiingereza namna ya kumhudumia mtoto mwenye homa kali anayetetemeka na kukakamaa. Wodini mama hasemi hivyo. Anasema mtoto ana degedege. Makemba na wenzake (1996) walichunguza neno hilo wilayani Bagamoyo na kulieleza kama ugonjwa wenye nafasi yake katika fikra za wenyeji: wengi waliuhusisha na nguvu zisizo za kawaida, na wengi walianza kwa mganga. Utafiti wa Tanzania umeeleza pia hofu ya wazazi kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Muuguzi aliyeshika sindano mbele ya mama huyo anahitaji sentensi tatu au nne za Kiswahili zilizopimwa, zisizomdhihaki na zisizopoteza muda. Hakuna mwanasesere aliyewahi kumdai sentensi hizo. Vivyo hivyo hakuna mwanasesere aliyekataa kuvuliwa nguo na kijana ambaye hakumwamkia shikamoo, au aliyeficha habari za hedhi kwa sababu aliulizwa kwa neno la sokoni.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kruk na wenzake waliwahoji wanawake waliojifungulia katika vituo vya kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Walipokuwa wakiondoka kituoni, asilimia 19 walisema walitendewa bila heshima; walipohojiwa tena baadaye nyumbani, idadi ilifikia asilimia 28. Miongoni mwa malalamiko yaliyojitokeza zaidi ni kupigiwa kelele, kupuuzwa na kutolewa maneno ya vitisho. Umma wa Tanzania una jina la jambo hilo: kauli mbaya. Kwa kawaida viongozi hulijibu kwa onyo, na wauguzi hulijibu kwa kutaja uchache wao na urefu wa zamu. Wote wana sehemu ya ukweli. Lakini kauli, kama kudunga sindano, ni tendo linalofanywa vizuri au vibaya chini ya shinikizo, na kinachofanywa chini ya shinikizo hufanywa kwa mazoea. Mwanafunzi aliyerudia mara 30 kumchoma mwanasesere sindano, na hakurudia hata mara moja kumwambia mama aliyechoka kwamba bado hajafika wakati wa kusukuma, ataingia leba na mkono uliofundwa na ulimi usiofundwa.

7. Uwiano uliosafirishwa

Mwaka 2014 baraza linalounganisha mabodi ya uuguzi ya majimbo ya Marekani lilichapisha utafiti uliofanyika katika vyuo 10. Makundi ya wanafunzi yalilinganishwa: walioendelea na mafunzo ya kawaida ya wodini, waliofidiwa robo ya saa hizo kwa mwigo, na waliofidiwa nusu. Matokeo hayakutofautiana kwa namna yenye uzito wa kitakwimu, mradi mwigo wenyewe uwe wa ubora wa juu. Tangu hapo uwiano wa nusu umekuwa hoja inayopendwa mahali popote ambapo wanafunzi ni wengi na vitanda vya kujifunzia ni vichache, na janga la mwaka 2020, lililowaondoa wanafunzi wodini, liliipa nguvu mpya.

Tahadhari inayokosekana katika mjadala huo ni ya kiisimu. Uwiano huo ulipimwa katika vyuo ambako kwa sehemu kubwa lugha ya darasani, lugha ya mwigo na lugha ya wodini ni moja. Saa ya mwigo inapofidia saa ya wodini huko, mwanafunzi hapotezi lugha. Nchini Tanzania, Kenya na Uganda, ambako shahada hufundishwa kwa Kiingereza, wodi ndiyo mahali pekee katika mtaala ambapo mwanafunzi hulazimika kuugeuza ujuzi wake kuwa maneno ya mgonjwa. Kuondoa nusu ya saa hizo na kuweka mwigo wa Kiingereza ni kuondoa nusu ya somo la lugha ambalo halikuwahi kuandikwa popote, na kwa hiyo hakuna atakayeona kwamba limeondolewa.

Mazingira ya kisheria hayana tena kizuizi kikubwa. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Jumuiya ya Afrika Mashariki imekitambua kama lugha yake rasmi. Hatua hizi zimezungumzwa sana katika bunge na shule za sekondari, na kidogo mno katika taaluma za afya, ingawa muuguzi aliyehitimu Kigali anaweza kesho kumpokea mkimbizi kutoka Bukavu. Hapo tofauti za Kiswahili chenyewe zitajitokeza, kwa kuwa mgonjwa wa Bukavu na mgonjwa wa Unguja hawaelezi maumivu ya tumbo kwa maneno yaleyale. Kazi ya kukusanya maneno hayo ni ya wanaisimu, na haiwezi kuachiwa wauguzi peke yao.

Njia ya Barrows ndiyo inayofaa zaidi kanda hii, na ndiyo iliyotumika kidogo. Mwanasesere wa kompyuta hununuliwa kwa fedha za kigeni, na akiharibika husubiri fundi. Mgonjwa wa kuigiza anapatikana katika idara ya sanaa za maonyesho ya chuo hichohicho, au miongoni mwa akina mama wa mtaa wa jirani, ambao kwa posho ndogo na mafunzo ya siku chache wanaweza kumdai mwanafunzi salamu, maelezo na subira. Mabaraza ya wauguzi na wakunga yana mamlaka juu ya mtihani wa vituo kuliko juu ya sera ya lugha ya taifa. Karatasi ya alama ya kituo kimoja ni orodha fupi ya vitendo: amenawa mikono, ameandaa vifaa, amepima. Mistari miwili ikiongezwa, kwamba mtahiniwa amemweleza mgonjwa tendo kwa Kiswahili na mgonjwa ameweza kulirudia kwa maneno yake, wakufunzi watalazimika kufundisha kile kitakachopimwa. Litabaki swali la nani atoe alama ya mstari wa pili. Anayestahili ni yule aliyelala kitandani akiigiza, kwa kuwa ndiye pekee chumbani anayejua kama ameelewa.